Guembri na besi ya sinthesaiza hazipatani: nirekebishe ipi?

"Natengeneza muziki nyumbani Mombasa kwa laptopu. Binamu yangu anasoma Morocco, na alipokwenda Essaouira alinirekodia kwa simu maalem (fundi mkuu) mmoja wa Gnawa, muziki wa jadi wa huko, akipiga guembri, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, pamoja na wapiga wawili wa qraqeb, vile vipande vya chuma vinavyogonganishwa. Ni dakika 11 bila kukatika. Nimeiingiza kwenye programu ya Ableton Live 12, nikaipanga kwenye gridi ya mapigo 120 kwa dakika, nikaweka kiki, haihati na besi ya sinthesaiza kwenye noti ya D. Sasa nina shida tatu. Kila guembri inapoingia, besi inasikika kama imelewa. Qraqeb zimepoteza uhai, zimekuwa kama cherehani. Halafu nilipoicheza kwenye spika kubwa za ukumbini, huku chini kote ni mvumo mtupu. Rafiki yangu anasema hizo ni robo-toni za Kiarabu (noti zinazoangukia kati ya noti mbili za kinanda), niweke skeli ya Kiarabu kwenye sinthesaiza au niipitishe guembri kwenye Auto-Tune. Baadaye nataka kumwingiza mpiga kanuni wa taarab. Ninunue plagini gani?"

Ndugu yangu, nianze na mfuko wako: usinunue kitu. Shida zote tatu zina chanzo kimoja, nacho ni kwamba umemfanya mgeni kuwa mwenye nyumba. Kompyuta imeingia na gridi yake, noti zake zinazohesabiwa kutoka A ya Hz 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) na kiki yake, kisha guembri ikaambiwa ijipange humo. Ukigeuza utaratibu huo, kompyuta ikaifuata guembri, sehemu kubwa ya unachokilalamikia itaondoka kwa vifaa ulivyonavyo tayari.

Rafiki yako ana nia njema ila amekosea. Muziki wa Gnawa si muziki wa makamu (maqam, mfumo wa skeli za Kiarabu). Kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya skeli za noti tano, urithi wa Waafrika waliopelekwa Morocco kutoka kusini ya Sahara, wengi wao wakiwa watumwa. Robo-toni unazozijua kwenye kanuni na nai ya taarab zipo kweli Afrika Kaskazini, lakini utazikuta kwa wapiga udi, fidla na nai, si kwenye guembri hii. Ukiweka skeli ya Kiarabu kwenye sinthesaiza yako utaongeza noti ambazo maalem hajazipiga, na noti yenyewe inayogombana itabaki palepale.

Kinachogombana ni noti ya msingi. Guembri ina nyuzi tatu juu ya kisanduku cha mbao kilichochongwa kikavikwa ngozi ya ngamia. Uzi mzito ndio msingi. Uzi wa tatu hukaa kwarti moja juu yake, yaani ukihesabu noti ya msingi kuwa ya kwanza, huo ni wa nne. Uzi mfupi wa katikati hukaa oktava nzima juu ya msingi na haubanwi kwa vidole, hulia vilevile kila ukiguswa. Maalem huzifunga nyuzi hizo kwa mikanda ya ngozi inayoteleza kwenye mkono wa ala, na huzipatanisha zenyewe kwa zenyewe na kwa sauti ya mwimbaji. Hana sababu ya kuuliza A ni Hz ngapi. Kwa hiyo guembri yako imepatana kabisa, ila haijapatana na sinthesaiza.

Pima ili uone. Tafuta mahali uzi mzito unalia peke yake, fungua plagini ya kuonyesha spektra (ile iliyomo ndani ya Live inatosha), panua kipimo cha uchambuzi (Block) hadi kikubwa kabisa, kisha usome kilele cha mlio. Usisome mwanzo wa pigo. Nyuzi za guembri zimelegea, hivyo zikipigwa hupanda juu kidogo kwanza halafu hutulia, na kipimo cha kweli kiko baada ya milisekunde 200 hivi. Na kwa kuwa simu hukata sauti za chini, pengine hutaiona noti ya msingi yenyewe. Soma kilele kilicho oktava moja juu, ugawe kwa mbili.

Tuseme umesoma Hz 142, basi msingi ni Hz 71. Noti ya D ya sinthesaiza iko Hz 73.4, na C# iko Hz 69.3. Guembri imekaa senti 42 juu ya C# na senti 58 chini ya D, ukikumbuka kwamba semitoni moja, yaani hatua kati ya noti mbili jirani za kinanda, ina senti 100. Sasa zicheze pamoja Hz 71 na Hz 73.4: mawimbi yao yatakutana na kuachana mara 2.4 kila sekunde. Huo ndio ulevi unaousikia. Hauko kwenye guembri wala kwenye besi, uko katikati yao.

Hapo pia utaona kwa nini Auto-Tune ni mtego. Kazi yake ni kuvuta kila noti kwenye semitoni iliyo karibu. Guembri iliyokaa karibu na nusu ya njia itavutwa huku na huku: noti iliyo senti 48 juu inashushwa, jirani yake iliyo senti 52 inapandishwa, na nafasi kati ya noti mbili ambayo maalem ameishika vizuri inatanuka kwa karibu semitoni nzima. Ongeza juu ya hayo kwamba guembri si uzi tu. Vidole hugonga ngozi kama ngoma, na mwisho wa mkono kuna sersera, kile kibati chenye pete zinazotetemeka. Programu ya kusaka noti hukutana na mdundo wa ngoma na mlio wa bati, ikachanganyikiwa, ikatoa sauti ya roboti mwenye mafua.

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuzihamisha sinthesaiza. Andika besi yako kwa C#, kisha upandishe senti 42 kwenye kitufe cha kurekebisha noti. (Nasema C# kwa sababu kuna sinthesaiza zinazoishia senti 50 kila upande, na kutoka D ungehitaji 58.) Ukitumia ala za ndani ya Live 12, kuna sehemu ya mifumo ya upatanisho ambako unaweza kubadili noti ya rejea: ukiiweka A kuwa Hz 450.8, C# inaangukia Hz 71 na ala hizo zote zinafuata kwa pamoja. Plagini za nje zisizoelewa MPE (aina ya MIDI inayoweza kupinda kila noti peke yake) hazitafuata, hizo utazirekebisha moja moja. Kama unayo ala inayokubali kupinda noti kwa MIDI (maagizo ya noti ya kompyuta) ya kawaida pekee na upana wake ni semitoni mbili, senti 42 ni hatua 1720 kati ya 8192.

Njia ya pili ni kuihamisha guembri nzima, na qraqeb zake na sauti ya mwimbaji, kwa kubadili kasi ya rekodi kama mtu anayezungusha kanda ya zamani. Live huiita "Re-Pitch". Ukiongeza kasi kwa asilimia 3.4, Hz 71 inakuwa Hz 73.4, yaani D safi, na mwendo wa mapigo 120 unakuwa 124. Hapa hakuna noti iliyong'olewa kutoka kwa mwenzake, nafasi zote za maalem zimebaki kama zilivyo. Kuhamisha nyumba si sawa na kuibomoa. Sauti ya ngozi itakonda kidogo, kwa kiasi ambacho wachache watakitambua.

Ipi bora? Ungekuwa peke yako na sinthesaiza ningekwambia ya kwanza bila kusita, maana rekodi inabaki kama ilivyozaliwa. Lakini umemtaja mpiga kanuni. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na ukimwambia fundi azishushe zote kwa senti 58 ili akufuate, atakutazama mara mbili na atakuwa na haki. D ni nyumbani kwake. Kwa hiyo kwa kazi yako wewe, chagua ya pili, na uifanye kabla ya kugusa jambo jingine lolote, kwa sababu inabadili mwendo pia.

Angalia jambo moja zaidi kabla hujafurahi. Pima tena karibu na mwisho wa rekodi. Ngozi hunywa unyevu wa hewa, mikanda huteleza, na ndani ya dakika 11 za kupiga kwa nguvu si ajabu kukuta msingi umeshuka kutoka Hz 71 hadi 70.4, ambazo ni senti 15. Sinthesaiza iliyopatana mwanzoni itakuwa imelewa tena mwishoni. Dawa rahisi ni kutochukua dakika 11. Chagua dakika tatu au nne zilizo bora, upime katikati yake, na tofauti itakayobaki sikio halitaigombea.

Besi nayo, kama utaibakiza, mpe ule mwanzo wa guembri. Weka kibahasha cha noti (pitch envelope) kinachoanza senti 25 hadi 30 juu na kushuka sifuri ndani ya milisekunde 70. Ni jambo dogo sana, lakini bila hilo besi husikika kama inasoma kitabuni huku guembri ikizungumza.

Sasa cherehani yako. Qraqeb ni vile vipande vya chuma, jozi kila mkono, na mapigo yake makuu huenda matatu kwa kila hatua ya mguu. Mwanafunzi wa gridi husema, "Matatu? Basi ni tripleti," au akisikia vingine husema, "Hapana, ni robo za pigo na moja imerukwa." Wote wawili wanakosa. Kwenye mwendo wa 120 pigo moja lina milisekunde 500. Tripleti kamili zingeanguka 0, 167 na 333. Robo zingeanguka 0, 125 na 250. Ukipima qraqeb zako huenda ukakuta kitu kama 0, 145 na 310, yaani katikati ya majirani wawili, si kwa huyu wala kwa yule. Na hapo katikati si mahali pamoja siku zote, kwani muziki ukikaza mwendo mapigo hujongeleana. Ukibonyeza kwantaizi, kompyuta inalipeleka la pili kwenye 125 au 167, na milisekunde 20 hivi zilizoibwa ndizo zilikuwa uhai wenyewe.

Hapo kuna habari njema ambayo wengi hawaioni. Kiki yako ya nne kwa nne haina kosa lolote. Tripleti na robo hukutana kwenye mwanzo wa kila pigo, hivyo kiki inakanyaga mahali ambapo wote wanakubaliana. Mgomvi ni haihati, ile inayolia katikati ya pigo, kwenye milisekunde 250. Hapo qraqeb hawana mtu, na 60 baadaye ndipo linakuja pigo lao la tatu. Sikio linasikia watu wawili wanaoingia mlango mmoja. Iondoe. Simaanishi uipunguze, iondoe kabisa. Qraqeb ndizo haihati za muziki huu, na zimekuwa hivyo karne kadhaa kabla ya mashine ya kwanza ya ngoma.

Kuipanga rekodi fanya hivi. Zima upangaji wa moja kwa moja ambao Live hujaribu inapoingiza faili ndefu, maana ikikutana na qraqeb hukisia vibaya na kuweka alama ovyo. Kisha tafuta "moja", yaani pigo la kwanza la mzunguko, iko wapi. Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu mzunguko wa guembri mara nyingi huanza kabla au baada ya pigo la mguu, na sikio lililozoea disko husogeza "moja" mahali ambapo noti nzito imelia. Usiamini noti nzito. Sikiliza makofi ya waitikiaji, au mwombe binamu yako akutumie video fupi inayoonyesha miguu ya wachezaji. Mguu ndio unaosema.

Ukishaipata, weka alama moja tu kwenye mwanzo wa kila mzunguko wa mapigo manne. Usiweke alama kwenye kila pigo, sembuse kila mlio wa qraqeb. Ndani ya mapigo hayo manne waache wapumue. Baada ya hapo una uamuzi wa kufanya, na sitakuficha kwamba kila upande una gharama yake.

Ukiifanya klipu hiyo kuwa kiongozi wa mwendo, wimbo wako wote utaifuata: kiki, sinthesaiza, mwangwi, kila kitu. Muziki wa Gnawa huanza taratibu na kupanda mbio, na usishangae ukikuta mwanzo 100 na mwisho 130. Kupanda huko ndiko kunakomwinua msikilizaji kitini, na kusikia kiki ya umeme ikipanda nako ni raha ambayo gridi haitoi. Gharama yake ni kwamba DJ ataichukia, maana hawezi kuiunganisha na wimbo mwingine bila jasho. Ukitaka wimbo wa ma-DJ, tafuta sehemu ya mizunguko 16 ambamo mwendo haubadiliki zaidi ya mapigo mawili au matatu, weka alama kila baada ya mizunguko minne, na uinyooshe kwa mwendo mmoja. Utapoteza safari, utabaki na mdundo. Kuna kazi nzuri za namna zote mbili. Mtunisia Sofyann Ben Youssef, anayejiita Ammar 808 kwa heshima ya ile mashine ya ngoma ya Roland ya mwaka 1980, amejenga muziki wake juu ya mseto wa mashine hiyo na ala za Maghreb, guembri ikiwemo. Msikilize kwa kalamu mkononi, uhesabu ni vitu vingapi vinalia chini kwa wakati mmoja. Ni vichache kuliko unavyodhani.

Ngoma zako za umeme nazo zifundishe kutembea. Bofya klipu ya qraqeb, chagua "Extract Groove", kisha uitupe gruvu hiyo juu ya klipu zako za MIDI. Mapigo yako yaandike kwa tripleti, na msingi wa gruvu uuweke kwenye tripleti za nusu-pigo, la sivyo Live italivuta pigo la pili kuelekea robo na utakuwa umerudi kwenye cherehani. Kiwango cha kufuata muda kiwe asilimia 100. Ule uchakachuaji wa bahati nasibu uache kwenye sifuri, kwa sababu mkono wa mpiga qraqeb haubahatishi.

Tushuke kwenye mvumo wa ukumbini. Kitanda kimoja hakilali watu watatu. Hapo chini umewalaza kiki, besi na guembri, kisha ukashangaa hakuna aliyepata usingizi. Ushauri wangu, na wengine watanipinga, ni umtoe besi ya sinthesaiza. Guembri ni besi. Ukiiwekea besi nyingine unamwambia mzee aliyekuja kuzungumza kwamba umemletea mkalimani.

Kwa nini basi uliona inahitaji msaada? Kwa sababu ya simu. Maikrofoni ya simu mara nyingi hupunguza sana kila kilicho chini ya Hz 100. Rekodi yako inabeba oktava ya juu ya guembri na kofi la ngozi, ila haibebi kifua chake. Ukiwa nyumbani na spika ndogo hugundui, ukumbini ndipo pengo linaonekana. Kwa hiyo badala ya besi yenye tabia yake, tengeneza wimbi la sain tupu (sine, mlio mmoja safi) linaloiga noti za guembri moja kwa moja. Geuza klipu kuwa MIDI, ufute noti za uongo zilizotokana na makofi ya ngozi (zitakuwa nyingi, tenga saa moja), kisha upige sain oktava ileile, ukiipandisha sauti polepole hadi usikie kifua kimerudi. Ukianza kuisikia sain yenyewe, umezidisha. Jaribu pia kugeuza polariti yake (kulipindua wimbi juu chini) na kusikiliza: upande wenye uzito zaidi ndio sahihi.

Kiki uipatanishe na guembri. Msingi wako sasa ni D ya Hz 73.4, na oktava ya chini yake, Hz 36.7, spika nyingi za kumbi zetu hazitaitoa. Iweke kiki kwenye A, Hz 55, ambayo ni ya tano ya D na haitagombana nayo. Mkia wake ufupishe usizidi milisekunde 120. Kiki yenye mkia wa nusu sekunde ni tamu ikiwa peke yake, lakini hapa itakalia kila noti ya maalem. Guembri ikate chini ya Hz 40 tu, huko hakuna muziki, kuna upepo na miguu ya meza. Ukiweka kompresa inayoisukuma guembri kiki inapopiga, iwe desibeli 2 au 3 na iachie ndani ya milisekunde 80. Ule msukumo mkubwa wa nyimbo za klabu, unaopumua kama mtu mwenye pumu, humkata maalem neno katikati.

Ule mvumo hasa, ule unaoujaza ukumbi hadi maneno hayasikiki, kwa kawaida hauko chini kabisa. Uko kati ya Hz 110 na 180, mahali ngozi na kisanduku vinaitikia. Pandisha ekwalaiza mahali hapo kwa upana mdogo, utembeze polepole mpaka usikie mlio unakupigia kelele, kisha ushushe hapohapo desibeli 3 au 4. Qraqeb nazo zitataka kupunguzwa kidogo kati ya Hz 3,000 na 5,000, ila si sana. Zikiwa laini hazina kazi.

Kama binamu yako bado yuko huko na anaweza kurudi kwa maalem, rekodi moja nzuri itakuokolea wiki mbili za kuhangaika. Awe na rekoda yenye WAV ya biti 24, kilele kisipite desibeli 12 chini ya mwisho, na kama kuna kirekebishi cha sauti cha moja kwa moja akizime. Maikrofoni iwe sentimita 20 hivi kutoka kwenye ngozi, pembeni ya mahali vidole vinapogonga, ikiwapa qraqeb mgongo. Wapiga qraqeb wakae mita mbili au tatu nyuma yake. Wapige pamoja, maana ukiwatenganisha mazungumzo yao yanakufa, na mwishoni amwombe maalem dakika mbili za guembri peke yake na kila uzi mmoja mmoja ukilia hadi unyamaze. Hizo nyuzi moja moja ndizo utakazopimia.

Mpiga kanuni akija, umtangulizie orodha ya noti za guembri. Ikiwa maalem anapiga D, F, G, A na C, una bahati: makamu ya Bayati ya kuanzia D ina noti hizo zote tano, na ile E yake ya nusu, senti 150 juu ya D, inaangukia mahali ambapo guembri haina noti. Kanuni itaweka robo-toni yake kwenye pengo na hakuna atakayemkanyaga mwenzake. Ikiwa guembri ina E na B ndani yake, hapo E ya nusu ya kanuni na E ya guembri zitasikika kama kosa. Basi kanuni iingie wakati guembri imetulia, au ikae kwenye D, G na A na kufanya mapambo. Sinthesaiza inayomfuata mpiga kanuni ipatanishe na kanuni yake, kwa kupima, si kwa senti 50 za kitabuni. Mafundi wa Zanzibar hawawekei noti hiyo mahali pamoja, na kila mmoja anajua kwa nini yake iko pale. Surge XT ni ya bure na inasoma faili za upatanisho, inakutosha.

Kuna jambo hukuliuliza na huwezi kuliruka. Gnawa ina upande wa kuchangamsha na upande wa ibada. Usiku wa lila, ile sherehe ya ibada, huanza na msafara wa ngoma, ukafuata upande wa michezo na nyimbo za kukumbuka wazee, halafu ndipo mluk (pepo) wanaitwa, kila mmoja kwa rangi yake na nyimbo zake: bluu ya Sidi Moussa wa bahari, nyekundu ya Sidi Hamou, na wengine. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Unajua wimbo wa kibuki, ule wa pepo, haupigwi ovyo harusini. Muulize maalem, kupitia binamu yako, dakika hizo 11 ni za upande gani. Zikiwa za upande wa michezo, endelea. Zikiwa za mluk, uamuzi ni wake, na jibu la "hapana" ni jibu. UNESCO iliuingiza utamaduni wa Gnawa kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2019, lakini heshima hiyo haimlipi maalem wako chochote. Mwandikie makubaliano mafupi, jina lake kwenye wimbo, kiasi cha kuanzia na asilimia ya mapato, yeye na wapiga qraqeb wote wawili. Wimbo kuwa wa jadi hakumfanyi mpigaji kuwa wa bure: rekodi ina haki zake, na sheria ya hakimiliki ya Morocco namba 2-00 inagusa hata muziki wa jadi ukitumiwa kibiashara. Kenya nayo ina sheria yake ya maarifa na sanaa za jadi ya mwaka 2016. Kabla ya kuuza, kaa nusu saa na ofisa wa KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) au wakili wa mambo ya hakimiliki, uende na makubaliano mkononi.

Mengine pia hayatatuliki kwa maandishi. Kazi ikishakamilika, lipia saa mbili kwenye studio yenye chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya kusikiliza na spika zinazofika Hz 35, kwa sababu chini ya Hz 80 chumba chako cha kulala kinakudanganya hata ukiwa na masikio ya mbwa. Nenda na faili zikiwa na nafasi ya desibeli 6 juu, guembri, qraqeb na kiki zikiwa mbalimbali. Kwa makamu, nusu siku na mwalimu wa kanuni kwenye chuo cha muziki cha Dhow Countries, Zanzibar, itakupa zaidi ya video arobaini. Na kwa kuwa utakuwa unasikiliza qraqeb kwa visikilizi usiku kucha, punguza sauti. Masikio yakivuma hadi kesho yake asubuhi, pumzika siku mbili, na yakiendelea kuvuma onana na daktari wa masikio kabla hujarudi kwenye mchanganyo.

Kabla ya hayo yote, leo hii, ondoa haihati, nyamazisha besi, acha kiki na rekodi tu, umtumie binamu yako dakika moja amchezee maalem kwenye simu. Mwambie asimwulize kama ni nzuri. Amwombe apige makofi juu yake, na wewe uangalie kofi la kwanza linaangukia wapi.